Umbo Tumelipata, Mwendo Bado

Mwanzoni mwa 2026, watafiti wanaotumia darubini ya Kituo cha Vera C. Rubin, kilichoko juu ya mlima Cerro Pachón nchini Chile, walitangaza asteroidi iliyopewa jina 2025 MN45. Upana wake unakadiriwa kuwa mita 710, na inajizungusha mara moja kila baada ya dakika 1.88. Habari hiyo ilipokewa kama inavyopokewa habari ya ndama mwenye vichwa viwili: watu walistaajabu, wakatumiana, wakaendelea na yao. Mwaka mmoja na ushei kabla ya hapo, Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2024 ilikuwa imetolewa kwa David Baker, aliyebuni protini mpya kwa kompyuta, pamoja na Demis Hassabis na John Jumper, waliounda programu ya AlphaFold inayokisia umbo la protini kutokana na mpangilio wa vipande vyake. Hiyo ilipokewa kinyume kabisa. Kuanzia hapo limeenea wazo kwamba maumbo ya protini sasa yanajulikana, vikiwemo vipokezi ambavyo dawa hujishikiza, kwa hiyo kilichobaki ni kompyuta kutuchagulia dawa.

Habari ya kwanza imepunjwa na ya pili imetiwa chumvi, lakini chanzo cha makosa yote mawili naona ni kimoja. Tumezoea kuamini kwamba kitu kikishapatiwa picha kimejulikana. Ndiyo maana jiwe lisilo na picha, lililo nukta tu ya mwanga inayofifia na kung'aa, linaonekana kama kichekesho cha anga, na kipokezi chenye picha nzuri ya rangi kinaonekana kama fumbo lililofumbuliwa. Hoja yangu ni kwamba katika nyanja zote mbili mwendo ndio unaotuambia kitu kimeundwaje na kitafanya nini kikiguswa, na umbo peke yake limewahi kuwapotosha hata wataalamu. Najua kipokezi cha seli na jiwe la angani havina undugu. Kimoja hupimwa kwa nanomita, kingine kwa mamia ya mita, na sheria zinazovitawala ni tofauti. Ninachovilinganisha ni namna tunavyovijua, na namna tunavyojidanganya kwamba tumevijua.

Nianze na jiwe. Asteroidi ndogo, hata kwa darubini kubwa, huonekana kama nukta. Mtaalamu hapati umbo, anapata mwangaza unaopanda na kushuka. Jiwe lililo refu kama kiazi huonyesha ubavu, kisha ncha, kisha ubavu wa pili, kisha ncha ya pili, kwa hiyo katika mzunguko mmoja mwangaza hupanda mara mbili. Ukipima muda wa mapando hayo umepata kasi ya kujizungusha. Ni kazi ya subira isiyo na fahari yoyote, lakini ilipokusanywa kwa mamia ya asteroidi, ilitoa jambo ambalo picha isingelitoa. Petr Pravec na Alan Harris walionyesha mwaka 2000 kwamba karibu asteroidi zote zenye upana wa zaidi ya mita 200 hivi hazijizungushi kwa kasi inayopita mzunguko mmoja kwa saa 2.2. Chini ya ukubwa huo, kizingiti hicho kinatoweka na mawe yanazunguka kwa dakika.

Sababu yake ni hesabu fupi. Kitu kinapozunguka, vilivyo juu yake hutaka kutupwa nje, na mvutano wa kitu chenyewe huvizuia. Kama asteroidi ni rundo la mawe na changarawe lililoshikana kwa mvutano peke yake, kuna kasi ambayo ikipitwa mawe ya kwenye ikweta yanainuka na kuondoka. Linaloshangaza ni kwamba kasi hiyo haitegemei ukubwa wa rundo, inategemea densiti yake tu. Kwa densiti ya gramu 2 na ushei kwa kila sentimita ya ujazo, ambayo ni ya kawaida kwa mawe yenye mapengo, jibu ni saa 2.2 hivi. Kwa hiyo kizingiti kile kilikuwa kinatuambia, bila chombo chochote kutua, kwamba asteroidi nyingi za ukubwa wa kati si mwamba mmoja. Ni marundo. Chombo cha Japani cha Hayabusa kilipofika kwenye asteroidi Itokawa mwaka 2005 kilikuta rundo. Chombo cha Marekani cha OSIRIS-REx kilipogusa asteroidi Bennu mwezi Oktoba 2020, mkono wake ulizama ardhini kana kwamba hakuna kilichouzuia. Nuru iliyopimwa kwa miaka mingi ilikuwa imeshatoa fununu.

Sasa irudie 2025 MN45 ukiwa na hesabu hiyo mkononi. Jiwe la mita 710 linalozunguka kwa dakika 1.88 lina kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde kwenye ikweta yake, kama gari la barabara kuu lisilo na haraka. Si nyingi, mtu atasema. Lakini nguvu ya kutupa nje mahali hapo inaushinda mvutano wa jiwe lenyewe kwa maelfu ya mara. Rundo la changarawe lingetawanyika kabla halijafikia hata sehemu ndogo ya kasi hiyo. Lazima basi liwe kipande cha mwamba ulioshikana, wenye uimara wa jiwe gumu, ingawa kwa ukubwa wake tungetarajia liwe rundo. Huenda ni kipande cha ndani cha asteroidi kubwa iliyovunjika zamani. Hakuna picha yake hata moja inayoonyesha sura, na bado tunajua jambo kuhusu tumbo lake ambalo hatulijui kuhusu asteroidi nyingine tulizozipiga picha tukalihesabu kila jabali. Hiyo ndiyo habari iliyofichwa na neno "kasi ya ajabu" kwenye vichwa vya habari.

Na mzunguko wenyewe haukai palepale. Mwanga wa Jua unapolipasha jiwe joto, jiwe huitoa joto hiyo tena kuelekea angani, na kila kinachotoka huacha msukumo mdogo nyuma yake. Kwa kuwa jiwe halina ulinganifu, misukumo haifutani, na jiwe husukumwa kama upepo unavyosukuma mapanga ya feni. Wataalamu huita athari hiyo YORP, kwa herufi za mwanzo za majina ya Yarkovsky, O'Keefe, Radzievskii na Paddack. Mwaka 2007 ilipimwa waziwazi kwa asteroidi iliyoitwa 2000 PH5, ambayo baadaye ilipewa jina la YORP yenyewe: hujizungusha kwa dakika 12 na sekunde chache, na muda huo unapungua kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde kila mwaka. Bennu, inayozunguka kwa saa 4.3, inapunguza sekunde 1 hivi kwa kila miaka 100. Ni kidogo mno, lakini kwa mamilioni ya miaka inatosha kulifikisha rundo kwenye kizingiti, likamwaga mawe au likapasuka. Na hapa umbo linadhalilika kwa namna yake: ukokotoaji umeonyesha kwamba athari ya YORP huweza kubadilika sana kwa sababu ya majabali madogo juu ya uso, vitu ambavyo mfano mzuri wa umbo la jumla hauna. Ukiijua sura ya asteroidi kwa usahihi wa mita kadhaa, bado unaweza kukosea msukumo wake.

Tugeukie vipokezi. Ndani ya utando wa seli zetu kumepachikwa protini zinazopokea habari kutoka nje, na kundi kubwa kuliko yote ni la vipokezi vinavyoshirikiana na protini G, wajumbe wanaoipeleka habari hiyo ndani ya seli. Binadamu ana jeni takriban 800 za aina hiyo, nusu hivi zikiwa za kunusa, na karibu theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa hufanya kazi kupitia kundi hili. Kila kimoja kina nguzo 7 zilizosokotwa, zinazopita kwenye utando kutoka nje hadi ndani. Kwa miaka mingi havikuwa na picha, kwa sababu nje ya utando huharibika upesi, na ili kupata umbo kwa eksirei ilibidi protini ikubali kujipanga kuwa fuwele. Rodopsini, kipokezi cha mwanga katika jicho, ilipatikana mwaka 2000. Kipokezi cha adrenalini cha beta-2 kilipatikana mwaka 2007, baada ya kutiwa dawa ya kukifunga na kuunganishwa na kipande cha protini nyingine ili kitulie. Neno hilo, "kitulie", ndilo la kushikilia. Picha ilipatikana kwa kukizuia kipokezi kisifanye kile kinachokifanya kiwe kipokezi.

Mwaka 2011 timu ya Brian Kobilka ilifanikiwa kupata kipokezi hichohicho kikiwa kimeamka, kimeshikana na protini G yake, na ili kukituliza walihitaji kingamwili ndogo iliyotokana na mnyama lama. Walipolinganisha picha mbili, upande wa ndani wa seli nguzo ya 6 ilikuwa imesogea nje kwa nanomita 1.4 hivi, ambayo kwa molekuli ni hatua kubwa. Upande wa juu, penye kifuko dawa inamokaa, tofauti ilikuwa ndogo sana. Kobilka na Robert Lefkowitz walipewa Nobel mwaka 2012, na walistahili. Lakini tazama linalotokea: adrenalini, salbutamoli ya wagonjwa wa pumu na propranololi ya wagonjwa wa moyo zote huingia kwenye kifuko kilekile. Moja hukiamsha kipokezi kikamilifu, moja hukiamsha kiasi, moja hukizima, kiasi kwamba propranololi inaweza kumbana kifua mgonjwa wa pumu. Tofauti ya uhai na mashaka imo kwenye misogeo midogo ndani ya kifuko, inayokuzwa kuwa msogeo mkubwa upande wa pili. Vipimo vya sumaku vya molekuli vilivyofuata vilionyesha kwamba hata dawa inayoamsha ikikaa peke yake, kipokezi hakitulii katika umbo la kuamka. Kinapapasa, kinaingia na kutoka, mpaka protini G ije kukishikilia. Hakuna umbo moja la kipokezi chenye dawa. Kuna kundi la maumbo, na dawa hubadilisha ni mara ngapi kila moja linatembelewa.

Kisa kinachonishawishi zaidi ni cha dawa za jamii ya afyuni. Mofini hutuliza maumivu kupitia kipokezi kinachoitwa mu, na kupitia kipokezi hichohicho hudhoofisha upumuaji, ndiyo maana mtu akizidisha hufa. Mwaka 2005 tafiti za panya wasio na protini iitwayo arestini ya beta-2 zilidokeza kwamba njia mbili hutoka kwenye kipokezi: protini G ilete nafuu, arestini ilete madhara. Wazo lilikuwa tamu. Tafuta molekuli inayofungua njia ya kwanza tu, umepata mofini isiyoua. Umbo la kipokezi cha mu lilipochapishwa mwaka 2012, watafiti walipitisha kwenye kompyuta zaidi ya molekuli milioni 3, wakajaribu zilizokaa vizuri, wakaboresha, na mwaka 2016 wakatangaza kitu walichokiita PZM21, kilichoonekana kutuliza maumivu ya panya bila kugusa sana upumuaji. Ilikuwa ushindi wa umbo, na mimi ni mmoja wa walioamini kwamba mlango umefunguka.

Mwaka 2018 maabara nyingine ikapima upya na kukuta PZM21 inadhoofisha upumuaji wa panya kama mofini. Dawa nyingine iliyotokana na wazo hilohilo, oliseridini, ilikataliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2018, ikaidhinishwa Agosti 2020 kwa matumizi ya hospitalini, na imebandikwa onyo zito lilelile la uraibu na kusimama kwa pumzi linalobandikwa kwenye ndugu zake wote. Mwaka huohuo wa 2020, maabara kadhaa zilizorudia majaribio ya panya wasio na arestini hazikuona ile kinga ya upumuaji iliyoanzisha matumaini yote. Maelezo yenye nguvu zaidi leo ni ya kawaida kabisa: dawa hizi si kwamba huchagua njia, ni kwamba hukiamsha kipokezi kwa nguvu ndogo, hukifikisha kwenye kuamka mara chache kuliko mofini. Yaani jibu limekuwa la mwendo. Na umbo lililotumika kuchuja zile molekuli milioni 3 lilikuwa la kipokezi kilichofungwa, kilichokamatwa na dawa isiyobanduka. Walitafuta cha kukiamsha kwa kutazama picha yake kikiwa kimelala. Sisemi walifanya kosa, hiyo ndiyo picha iliyokuwepo, na molekuli waliyoipata kweli ilikiamsha kipokezi. Ninachosema ni kwamba picha iliwafikisha kwenye kifuko ikawaachia hapo.

Wenye msimamo mwingine wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba umbo lililotulia limetupa dawa zinazookoa maisha. Protini ya virusi vya ukimwi inayokata minyororo ya protini nyingine ilipata umbo lake mwaka 1989, na mwisho wa 1995 sakwinaviri, dawa ya kwanza ya kundi linaloizuia, ikaidhinishwa. Hilo siwezi kulikwepa wala sitaki. Lakini angalia kazi iliyotakiwa: kuziba. Ukitaka kuziba tundu, kipimo cha tundu kinakutosha sana. Ukitaka kuiongoza mashine ifanye nusu ya kazi yake, au kazi moja kati ya mbili, kipimo cha tundu ni mwanzo tu. Hoja ya pili ni ya watetezi wa akili mnemba, nayo ina ushahidi: utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulichuja molekuli kwa maumbo ya AlphaFold ya vipokezi viwili, kimojawapo cha serotonini, na kiwango cha mafanikio kikakaribiana na kile cha maumbo yaliyopatikana maabara. Kwa mtu aliyezoea kusema kwamba maumbo ya kukisiwa hayafai kutafutia dawa, huo ulikuwa mwiba. Mimi naukubali. Unathibitisha kwamba kompyuta inatupa kifuko kizuri. Kama molekuli inayokaa kifukoni itaamsha, itazima au itafanya jambo la katikati, hilo bado liliamuliwa na seli hai kwenye sahani za maabara.

Kuna pia sababu ya ndani inayonifanya nisitarajie kompyuta iruke pengo hili kwa kuongezewa nguvu tu. AlphaFold ilijifunza kutoka hazina ya pamoja ya maumbo ya protini, iliyoanzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7 na sasa ina zaidi ya 200,000. Ni urithi mkubwa wa sayansi, lakini karibu yote yaliyomo ni protini zilizotulizwa: ndani ya fuwele, au ndani ya utando mwembamba wa barafu chini ya darubini ya elektroni. Mbinu hii ya pili, iliyopewa Nobel mwaka 2017, hupata umbo kwa kupanga pamoja maelfu ya picha za molekuli zilizogandishwa ghafla. Sehemu iliyokuwa ikicheza hutoka na ukungu, kwa kuwa kila molekuli iligandishwa ikiwa nayo mahali tofauti. Kwa miaka mingi ukungu huo ulihesabiwa kuwa kasoro ya picha. Sasa wapo wanaoupanga upya na kusoma mwendo ndani yake, na nadhani hao ndio wa kuwafuatilia. Programu iliyosoma albamu ya waliolala itakuwa hodari wa kuchora waliolala.

Kuna hoja ambayo naiona dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi. Septemba 2025 ilitangazwa kwamba asteroidi 1998 KY26, ambayo chombo cha Japani cha Hayabusa2 kinaelekea kuifikia mwaka 2031, haina upana wa mita 30 kama ilivyodhaniwa bali mita 11 hivi, na haijizungushi kwa dakika 10 na ushei bali kwa dakika 5 na ushei. Papo hapo wakatokea wa kusema: mnaona, hawajui chochote, kesho watabadilisha tena. Lakini linganisha namba za mzunguko. Mpya ni nusu ya ya zamani, na hilo linajieleza. Nilisema mwangaza wa jiwe refu hupanda mara mbili kwa mzunguko mmoja, na hiyo ndiyo desturi ya kusoma. Kwa jiwe hili desturi ilipotosha, na mfululizo uleule wa mapando ukisomwa kwa namna nyingine unatoa nusu ya muda. Kilichobadilika ni tafsiri, baada ya kupatikana vipimo vya darubini nyingi kwa wakati mmoja jiwe lilipopita karibu. Mfumo unaojirekebisha kwa kiasi kinachoweza kuelezwa hivyo unajua mengi sana. Wasiojua chochote hawakosei kwa nusu kamili. Hali ni hiyohiyo kwa PZM21: waliopima upya walitumia panya, vipimo vya pumzi na dozi zinazolinganishika, na ndiyo maana tunaweza kusema dhana ilianguka wapi. Anayetumia masahihisho kama ushahidi wa ujinga anadai, bila kujua, sayansi ambayo haipimi kitu mara mbili.

Hoja nyingine huja kutoka kwa watu makini zaidi: kwamba kwa kujilinda na asteroidi, kinachohusu ni njia na ukubwa, mzunguko ni pambo. Mwaka 2025 waliipata nafasi ya kujitetea. Asteroidi 2024 YR4 ilipanda Februari hadi uwezekano wa asilimia 3.1 wa kuigonga Dunia mwaka 2032, kisha ukaporomoka karibu na sifuri ndani ya siku chache, na kazi hiyo ilifanywa na vipimo vya mahali ilipo, si vya mzunguko. Kwa miaka michache ijayo ya jiwe lolote, wana haki. Lakini kwa miongo na karne, njia yenyewe inasukumwa na joto: upande wa jioni wa jiwe linalozunguka huwa na moto kuliko wa asubuhi, na mwelekeo wa msukumo hutegemea jiwe linazunguka upande gani. Bennu husogezwa hivyo kwa takriban mita 284 kila mwaka, na bila kuuhesabu msogeo huo ule uwezekano wa 1 kwa 2,700 wa kugonga Dunia Septemba 24, 2182 usingeweza kukokotolewa. Ukija kwenye kulisukuma jiwe kando, mzunguko unakuwa muhimu zaidi. Chombo cha Marekani cha DART kilipoigonga kwa makusudi asteroidi ndogo Dimorphos Septemba 2022, mafanikio yalikuwa yameandikwa kuwa kubadilisha muda wake wa kuizunguka asteroidi kubwa zaidi, Didymos, kwa sekunde 73. Ulibadilika kwa dakika 33 hivi, kwa sababu vifusi vilivyoruka nyuma viliongeza msukumo. Hiyo ni tabia ya rundo. Tungeligonga jiwe lililoshikana kama 2025 MN45, hakuna sababu ya kutarajia fadhila ileile. Na njia ya bei nafuu ya kutabiri mapema ni lipi la aina gani, kabla ya kutuma chombo, ni kuhesabu linazunguka kwa kasi gani.

Kinachofuata kutoka hapa si kwamba tuache kutafuta maumbo. Ni kwamba tubadilishe tunachokihesabu kuwa mwisho wa kazi, na hilo lina gharama ambazo hazivutii wafadhili. Kupima YORP kunahitaji kurudi kwenye jiwe lilelile kwa miaka mingi na kuandika kitu kilekile. Kupima mwendo wa kipokezi kunahitaji kukipachika vialama, kukirudisha kwenye utando unaofanana na wa seli, na kurudia kwa kila dawa, kwa matokeo ambayo ni mistari ya vilele na mabonde badala ya picha ya rangi ya jalada la jarida. Kituo cha Rubin kitatazama anga la kusini kwa miaka 10 na kitaleta mwangaza wa asteroidi kwa wingi usiowahi kuonekana, lakini kila moja itaonekana kwa vipindi vilivyotawanyika, na dakika 5 zitaendelea kujificha ndani ya 10 mpaka mtu aamue kuelekeza darubini ya pili mahali palepale usiku kucha. Ninaposoma tangazo la umbo jipya la kipokezi, siku hizi natafuta kwanza kilikuwa kimeshikwa na nini na kiliwekwa katika hali gani. Mara nyingi jibu limo kwenye sentensi moja ndogo, chini ya mchoro.

Aprili 13, 2029 asteroidi Apophis, yenye upana wa mita 340 hivi, itapita kilomita takriban 32,000 juu ya uso wa Dunia, chini ya zinakokaa baadhi ya setilaiti zetu. Haitatugonga. Haizunguki kwa mhimili mmoja uliotulia, inayumba kama pia ya mtoto inayokaribia kuanguka, na mvutano wa Dunia unatarajiwa kuubadilisha mwendo huo wakati inapita. Kiasi gani, kutategemea tumbo lake limeshikanaje. Watakaoupima mwangaza wake wiki kadhaa kabla na wiki kadhaa baada watapata kitu ambacho kamera hazitakuwa nacho hata siku yenyewe, jiwe likiwa karibu kiasi hicho. Na miaka miwili baadaye Hayabusa2, yenye mabawa ya kukusanya mwanga yanayofika mita 6, itakuwa imeikaribia 1998 KY26, jiwe lisilofika mara mbili ya mabawa hayo, ambalo kwenye ikweta yake hutupa nje kila kilichowekwa juu kwa nguvu inayoshinda mvutano wake mamia ya mara. Wahandisi wanaopanga namna ya kuligusa sasa wanaijua kasi yake.